Herufi za Risasi

Herufi hupangwa miguu juu, uso umegeuzwa,
ili karatasi isome sawasawa.
Hilo nililijua kabla sijajua kusoma:
neno lililonyooka huanza limepinda
kwenye vidole vya mtu.

Vidole vilikuwa vyangu. Providence, ghorofa ya chini,
harufu ya wino wa masizi na mafuta ya kitani.
Bwana Thurlow alitununua kwa mjane, mnada mmoja:
mtambo wa kuchapia, makasha sita ya herufi,
na kijana, Kwako.
Hata jina langu lilimwelekea mnunuzi.

Miaka ile ya ushuru kila mteja alilitaka neno lile,
lenye herufi saba kwa lugha yao.
Mchungaji alilitaka kwa herufi kubwa.
Wakili alilitaka mara tano ukurasa mmoja.
Mwenye meli aliyeleta molasi, na si molasi peke yake,
alilitaka juu kabisa, katikati.
Nililipanga hadi kingo zake zikalika.
"Bwana," nikasema siku moja, "uhuru umetuishia."
Nilikuwa nikisema juu ya kasha.
Alicheka mpaka akakohoa.

*Tumekuwa watumwa wa mfalme*, waliandika,
nami nikapanga: watumwa, mkato, wa mfalme, alama ya mshangao.
Hakuna aliyeinua macho.

Kisha Jumatatu ile.
Ukurasa wa kwanza, hotuba. Ukurasa wa nne, chini,
kati ya farasi aliyepotea na ramu ya Barbados,
nafasi ya mistari sita na kile kimchoro
cha mtu mwenye fimbo na kifurushi:
*Ametoroka. Mwanamke aitwaye Fiba, miaka kama ishirini,
kovu juu ya jicho la kushoto,
gauni la kitani, buluu, hucheka upesi.
Atakayemrudisha atapewa dola nane.*

Kovu lile nilimtia mimi, kwa jiwe,
tukigombea kiazi cha kuchoma.
Dada yangu. Dola nane.

Mshumaa ulikuwa umebaki kidole kimoja.
Kitani nikakifanya sufu.
Buluu nikaiacha; uongo nao hutaka chumvi.
*Hucheka upesi* nikaing'oa yote, herufi kwa herufi,
nikazirudisha kashani. Hiyo haikuwa yao.
Halafu jicho. Nikapanga: la kulia.
Langu likalia, la kushoto.

Bwana alichapa gazeti asubuhi, nakala mia tatu.
Ijumaa mwenye Fiba alikuja na nakala mkononi,
na bwana akanichapa mimi.
Sikuhesabu. Nilikuwa nikihesabu maili.

Vita vilipofika, wanajeshi walikuja na ndoo.
Risasi ni risasi, walisema, leteni makasha.
Nikachochea moto mwenyewe.
Nililiona neno lile likilegea kwenye chungu,
hotuba na matangazo, farasi na Fiba,
vyote vikawa uji wa kijivu,
vikamiminwa kwenye kalibu, vikatoka mviringo, vimenyamaza.

Baadaye ikaja sheria: mtumwa atakayeshika bunduki
atakuwa huru. Thurlow alilipwa fidia yake.
Mimi nilipewa koti la marehemu fulani, mikono mifupi,
na mfuko wa zile risasi.
Kila nilipoisukuma moja kwenye mtutu
nilijiuliza ni herufi gani hii,
na kama huko iendako itasomeka.

Nimetembea na karatasi yangu ya kuachiliwa miaka kumi na moja.
Jina wamelikosea. Aliyelipanga alikuwa na haraka, au usingizi,
namsamehe, najua mshumaa ulivyo.
Nimeuliza habari za Fiba Boston, Salem, kwenye magati, kwenye madobi.
Mwanamke mmoja wa Salem aliniambia alimjua mtu hivi,
mwenye kovu, ila hakumbuki upande.

Usiku wa ndoo niliiba herufi moja, ile ya mwanzo wa jina lake.
Inakaa mfukoni pamoja na tumbaku.
Nikiibana kwenye kiganja na kuiondoa
inakaa pale kidogo, imenyooka,
kisha ngozi inajaa, inaifuta.
Naibana tena.